Alama 3,180 Darajani, alama 2,040 Chake Chake

Mwezi wa Februari, kaskazi imekolea, mtoto wa kaka yangu alivuka kutoka Pemba akaja mjini kununua laptopu. Alikuja kajiandaa. Kwenye simu alikuwa na orodha ya alama za prosesa, ule ubongo wa kompyuta, aliyoisoma usiku kucha, na alipoingia duka moja la Darajani hakuanza na bei kama ilivyo ada yetu. Alianza na swali: "Hii kwenye Cinebench inapata ngapi?" Muuzaji hakushtuka, wateja wa namna hiyo siku hizi si wachache. Akatoa flashi, akaipachika, akaiendesha Cinebench, programu ya kupima kasi ya kompyuta, na baada ya dakika chache skrini ikaandika 3,180. Bwana mdogo akaitazama orodha yake, akaridhika, akalipa, na asubuhi ya pili akapanda boti.

Kule Chake Chake, saa nane mchana, akaiendesha programu ile ile juu ya mashine ile ile. Ikampa 2,040. Simu ikalia kwangu. "Ami, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Hakuuziwa. Lakini sikuweza kumjibu kwa neno moja, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Mjini hapa kuna ubishi usiokwisha kuhusu programu hizi za kupima kompyuta. Kuna wanaosema nambari haidanganyi, anayedanganya ni muuzaji. Na kuna wanaosema, mafundi hasa, kwamba nambari ni mchezo wa vijana wasio na kazi ya kufanya. Nimekunywa kahawa na pande zote mbili. Kila upande una haki yake, ingawa si kwa kiasi kimoja.

Programu ya kupima huipa kompyuta kazi ambayo kiasi chake kinajulikana, huiwekea saa, halafu huugeuza muda kuwa alama. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Tofauti iko kwenye kazi yenyewe. Cinebench, ya kampuni ya Maxon ya Ujerumani, huchora picha moja ngumu yenye vivuli na mng'aro, kipande kwa kipande, na ukikaa mbele ya skrini utaviona vile vijiraba vikijaa kimoja baada ya kimoja. Geekbench, ya Primate Labs ya Canada, huipitisha mashine kwenye kazi nyingi fupi fupi: kubana mafaili, kusoma ramani, kushughulikia picha. Toleo lake la 6, lililotoka mwaka 2023, limeiweka kompyuta yenye prosesa ya Core i7-12700 kuwa ndiyo alama 2,500, na nyingine zote hupimwa kwa kulinganishwa na hiyo. CrystalDiskMark ya Japani haijali prosesa. Yenyewe huandika na kusoma diski tu.

Kwa hiyo alama hazina kizio kimoja. Nimewahi kuwakuta vijana wawili barazani karibu wakamatane mashati, mmoja akisema laptopu yake ina 3,000 na mwenzake akisema ya kwake ina 190 na bado ina kasi zaidi. Wote walikuwa wakisema kweli: mmoja alitumia Cinebench R23 ya mwaka 2020, mwingine toleo liitwalo 2024, ambalo limebadilisha picha na injini ya kuchorea, na mashine ile ile inayopata maelfu huku hupata mamia kule. Mpemba hahitaji kufundishwa jambo hili. Mchumaji karafuu hulipwa kwa pishi zikiwa mbichi, na mwenye shamba huuza ZSTC, shirika la biashara la serikali, kwa kilo zikishakauka. Mtu akikwambia "nina mia", utamuuliza mia za nini, mbichi au kavu.

Sasa tuupe haki upande wa nambari, kwani katika soko letu upande huo una nguvu kuliko mafundi wanavyotaka kukiri.

Laptopu zinazouzwa hapa, nyingi zimeshatumika. Zimetoka maofisini nchi za mbali, nyingi zikapita Dubai, zikafutwa vumbi, zikapigwa Windows upya, zikapangwa dirishani. Kinachoziuza ni kijikaratasi kilichobandikwa karibu na kibodi. Kikiandikwa i7, bei inapanda. Kikiandikwa i5, inashuka. Mteja anajua saba ni kubwa kuliko tano, na muuzaji anajua kwamba mteja anajua.

Chukua prosesa mbili za laptopu zilizotoka mwaka mmoja, 2017. Ya kwanza ni Core i7-7600U, kizazi cha saba. Ya pili ni Core i5-8250U, kizazi cha nane. Ile i7 ina viini viwili, yaani mafundi wawili ndani ya karakana moja. Ile i5 ina vinne. Katika kazi ya mkono mmoja, kama kufungua barua au kuandika, i7 hutangulia kidogo, kwani kasi yake ya juu hufika gigahezi 3.9 na ya mwenzake 3.4. Lakini katika kazi inayogawika, kama kutengeneza video, i5 huiacha i7 mbali sana. Hakuna kijikaratasi kitakachokwambia hilo. Muuzaji naye hatakwambia, pengine kwa sababu hata yeye halijui. Cinebench itakwambia zote mbili, kwani hutoa alama ya kiini kimoja na alama ya viini vyote, na mtu asiyejua lolote kuhusu vizazi vya prosesa ataona kwa macho yake.

Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo haisemwi sana. Alama haifai sana kuipambanisha kompyuta yako na kompyuta zote za dunia. Inafaa sana kuilinganisha na ndugu zake wa tumbo moja. Kama prosesa fulani kwa watu wengi inapata kati ya hapa na pale, na yako inapata nusu yake, basi kuna ugonjwa. Pengine feni imeziba. Pengine chaja si yake: ziko laptopu ambazo zisipoitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa kimya kimya, na mwenyewe akabaki kuilaumu Windows. Pengine RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imewekwa kijiti kimoja pale palipotakiwa viwili, jambo ambalo hutalihisi kwenye Word lakini kwenye michezo na video litakunyima sehemu kubwa ya uwezo, kwa sababu kadi ya picha iliyomo ndani ya prosesa hula kwenye sahani hiyo hiyo ya RAM. Jicho halioni haya. Nambari inayaona.

Na upande wa pili je?

Nina fundi mmoja, duka lake liko nyuma ya Michenzani, chumba kimoja na meza mbili, na nyuma yake rafu ya laptopu zilizovuliwa nguo. Nilipompelekea habari ya Cinebench alicheka. "Maalim, mimi tangu nianze kazi hii sijaona mtu akiletewa mshahara kwa kuendesha hicho kitu." Kisha akanionesha anavyopima yeye. Anaiwasha na kuhesabu kwa mdomo mpaka skrini itulie. Anafungua Word, anabonyeza kila herufi ya kibodi, moja moja, pamoja na zile ambazo hakuna anayezitumia. Anakamata kifuniko kwa vidole viwili na kukichezesha kusikiliza bawaba. Anaitega skrini kwenye mwanga apate kuona doa. Anachomoa chaja. Kisha anaweka kiganja pale hewa moto inapotokea na kunyamaza, kama daktari wa zamani.

Mambo sita yale, hakuna hata moja lenye alama kwenye programu yoyote ya kasi. Na ukiwauliza watu waliojutia laptopu zao, wengi watakutajia bawaba iliyovunjika, herufi isiyobonyezeka, au betri inayokata roho dakika ya ishirini. Mapigo ya prosesa hawayataji. Hili la betri kwetu si dogo. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya chini ya bahari, na wa Pemba vivyo hivyo tangu mwaka 2010, kutoka Tanga. Waliokuwepo mjini tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka ile miezi mitatu bila umeme. Hata leo, kukatika kwa saa mbili kunatosha kuharibu siku. Mashine ya alama 5,000 yenye betri iliyokufa, umeme ukikatika, ni sinia.

Basi fundi ana haki? Kwa sehemu hiyo, ndiyo, haki tupu. Lakini kiganja chake nacho kina mpaka, na nitaueleza nikifika kwenye diski. Kwanza nirudi Chake Chake, maana yule bwana mdogo bado anangoja jibu.

Nilimwuliza maswali matatu. Umeiweka wapi? Kitandani, juu ya godoro. Chumba kina feni? Ipo, lakini umeme mdogo, inazunguka kwa uvivu. Umeiendesha kwa muda gani? Dakika kumi, kama programu inavyotaka yenyewe.

Yote yamo humo. Prosesa ya laptopu yake, i5-8350U, imeundwa iishi kwa wati 15. Lakini Intel huiruhusu ikimbie juu ya hapo kwa sekunde kadhaa mwanzoni, kama mtu anayekimbilia daladala, kisha irudi kwenye mwendo wake. Dukani Darajani muuzaji alipunguza kipimo kiwe mzunguko mmoja. Chumba kina kiyoyozi, mashine imewashwa sasa hivi, chuma bado ni baridi. Sehemu nzuri ya zile alama 3,180 ilikuwa mbio za daladala. Kule Chake, dakika kumi, kaskazi, na matundu ya hewa yamezibwa na shuka, prosesa ilifika kwenye joto lake la mwisho, nyuzi 100, ikaanza kujipunguza yenyewe isiungue. Hakuna aliyemwibia. Alipimiwa mbio fupi, akaenda nyumbani kupima mbio ndefu.

Nilimwambia aiweke mezani, atie vitabu viwili nyuma ili iinuke, angoje usiku, aiendeshe tena dakika kumi. Ikatoa 2,480. Wiki iliyofuata akaifungua kwa fundi wa huko: ndani ya feni kulikuwa na blanketi la vumbi, na pesti ya kupozea prosesa imekauka mpaka inamomonyoka kama chokaa ya ukuta wa Mji Mkongwe. Wakasafisha, wakatia mpya. 2,870.

Alama nne, mashine moja, mwezi mmoja. Hapa ndipo ninapoachana na wale wa "nambari haidanganyi". Hazikudanganya, ni kweli, zote nne zilikuwa sahihi. Lakini zile orodha za kwenye intaneti hazisemi mashine zilipimwa katika chumba gani, na mtu aliyepima kwenye baridi ya Ulaya na dirisha wazi amekupa taarifa ya kwao. Kwa mtu wa hapa, ile 3,180 si ya kununulia. Ya kununulia ni ile ya dakika kumi, mchana, bila kiyoyozi. Muuzaji mwenye kiyoyozi hawezi kukupa hiyo hata akitaka, lakini dakika kumi anaweza, na dakika kumi peke yake zingetosha kufichua feni iliyoziba.

Kuna sababu nyingine ya kuzitilia shaka orodha, nayo ni ya zamani kama programu zenyewe. Pale inapokuwa alama inauza, kuna atakayeifundisha mashine kupata alama. Mwaka 2003, Futuremark ya Finland, waliotengeneza 3DMark03, programu ya kupima kadi za picha, walitangaza kwamba draiva (programu ziendeshazo kadi) za Nvidia zilikuwa zikiitambua programu hiyo na kukwepa sehemu ya kazi mahali ambapo mtazamaji haoni. Baada ya siku chache pande mbili zilikaa pamoja wakalipa jambo hilo jina laini zaidi, lakini kilichofanyika kilifanyika. Mwaka 2013 ikagundulika kwamba simu ya Samsung Galaxy S4 huongeza kasi pale inapojua inapimwa na programu fulani. Mwaka 2018 baadhi ya simu za Huawei zikaondolewa kwenye orodha ya 3DMark kwa sababu hiyo hiyo. Ni mtoto wa skuli anayekariri karatasi ya mtihani: maksi ni zake, elimu si yake.

Wakati mwingine si mwanafunzi, ni msahihishaji. Mwaka 2019 UserBenchmark, tovuti inayopendwa na vijana wetu kwa sababu programu yake ni nyepesi na inamaliza haraka, ilibadilisha namna ya kukokotoa alama: uzito wa viini vingi ukashushwa kutoka asilimia 10 hadi asilimia 2. Matokeo yake prosesa ya i3 yenye viini vinne ikaonekana juu ya prosesa ya bei kubwa yenye viini 18. Kwa mtu anayecheza tu michezo ya zama hizo, pengine palikuwa na hoja ndogo. Kwa anayetengeneza video, ni upotofu. Mimi simshauri mtu kuitumia kwa kulinganisha prosesa, na hapo sina pande mbili za kupima.

Lile la diski ndilo lililonifanya nisimfuate fundi wangu mpaka mwisho.

Rafiki yangu mmoja wa Mkoani hupiga video za harusi. Alinunua SSD mpya, diski isiyozunguka, bei nzuri, akamfungisha kwa fundi. Fundi akaiwasha, akahesabu mpaka kumi na moja, skrini ikatulia. Safi. Akaweka kiganja, hakuna joto. Safi. CrystalDiskMark nayo ikasema safi: kusoma zaidi ya megabaiti 500 kwa sekunde, kuandika karibu na hapo, kama SSD ya aina ya SATA inavyotakiwa. Siku ya kwanza ya kazi akaanza kuhamisha mafaili ya harusi nzima, kamera mbili, GB 90 na kitu. Mwanzo ilikwenda mbio. Kisha ikaporomoka, megabaiti 40 kwa sekunde, chini ya diski yake ya zamani ya kuzunguka (ile "hadi diski"), na ikakaa hapo hapo. Akadhani imekufa.

Haikufa. SSD nyingi za bei nafuu zina sehemu ndogo ya kupokea haraka, kama meza ya kupokelea mizigo bandarini. Mzigo mdogo unaingia wote mezani, na ukipima utaona kasi ya ajabu. Mzigo mkubwa ukijaza meza, wachukuzi wanaanza kupeleka ghalani moja kwa moja, na ghala ni pole pole. CrystalDiskMark ukiiacha ilivyo hutumia faili la GB 1 tu. Meza haijazi. Kwa hiyo programu na fundi walipitwa na jambo moja: hakuna aliyeipima kwa mzigo wa harusi.

Kwa mwenye kazi kama hiyo, kipimo bora hakihitaji programu yoyote. Chukua folda ya GB 60, inakili kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine, na utazame ule mchoro wa Windows unaoonesha kasi. Ukianguka kama jiwe ukaganda chini, umejua. Na kwa flashi zile za "TB 2" zinazouzwa kwa bei ya sahani ya urojo, CrystalDiskMark haitakusaidia hata kidogo, kwani uongo wake ni wa ujazo, kasi haihusiki. Hapo ni H2testw, programu ndogo iliyotolewa na jarida la Kijerumani la c't, inayojaza flashi mpaka mwisho kisha kusoma kila ilichoandika. Itachukua saa nyingi. Iache ifanye kazi usiku.

Sawa, lakini fundi huyo huyo angeshinda kama laptopu ingekuwa na hadi diski ya zamani. Ile ya kuzunguka, kwenye kusoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, ambavyo ndivyo Windows inavyovisoma inapowaka, haifiki hata megabaiti mbili kwa sekunde. Mashine inachukua dakika nzima na zaidi kutulia. Huhitaji nambari kujua hilo, unahitaji subira. Na kwa mtu mwenye hadi diski, hakuna alama ya prosesa itakayomfaa chochote kabla hajaibadilisha. Nimeona watu wakibishana i5 na i7 huku zote mbili zikivutwa mguu na diski ile ile.

Zana nyingine nitazipitia haraka. 3DMark ni ya wacheza michezo wenye kadi za picha za kweli. Kupakua kwake ni GB nyingi, na kwa laptopu ya ofisini ni kuchoma bando bure. PCMark 10 ya mwaka 2017 ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi za ofisi, hufungua nyaraka, majedwali na mikutano ya video, lakini nayo ni nzito kupakua na huchukua muda mrefu. Geekbench naipenda kwa jambo moja na kuichukia kwa jingine. Naipenda kwa sababu orodha yake ni kubwa, ndugu wa prosesa yako utawapata kwa maelfu. Naichukia kwa sababu ukiitumia bure hupeleka matokeo yako kwenye tovuti yao, na pia kwa sababu kazi zake ni fupi na zina mapumziko katikati, kwa hiyo feni iliyoziba huweza kupita bila kuonekana. Kwa hali ya hewa yetu huo ni upungufu mkubwa.

Kwa anayetumia kompyuta kwa intaneti tu, Speedometer inatosha. Hufunguliwa ndani ya kivinjari, haipakuliwi, na toleo la 3 la mwaka 2024 limetengenezwa kwa makubaliano ya Apple, Google, Microsoft na Mozilla, washindani ambao si kawaida kuwaona wakikubaliana. Dakika chache na megabaiti chache.

Nayo Windows 7, wazee wataikumbuka, ilikuwa na alama yake yenyewe mpaka 7.9, na alama ya jumla haikuwa wastani: ilikuwa ile ya sehemu dhaifu kuliko zote. Prosesa 7.1, RAM 7.2, diski 5.6, basi kompyuta yako ni 5.6. Watu waliilalamikia, na kuanzia 8.1 ikaondolewa machoni. Mimi naona ilikuwa na busara kuliko nyingi zilizokuja baada yake.

Mbili nilizoziacha mwisho hazipimi kasi, lakini ndizo ninazoanza nazo. CrystalDiskInfo, ya mtengenezaji yule yule wa Japani, hukuonesha afya ya diski na saa ilizowashwa. Na ndani ya Windows kwenyewe, bila kupakua chochote, ukiandika powercfg /batteryreport utapata ukurasa unaosema betri ilizaliwa na ujazo gani na leo imebakiwa na kiasi gani. Ile laptopu ya Chake ilizaliwa na miliwati-saa 50,000, imebakiwa na 31,000. Hilo dukani hakuna aliyeliuliza, si mimi, si yeye, kwani sote tulikuwa tunaangalia 3,180.

Imebaki ngoma ya muuzaji, na haki yake nayo niiseme. Nilipomlalamikia kuhusu mzunguko mmoja, alinijibu bila hasira: "Maalim, wateja kumi kwa siku, kila mmoja dakika kumi na maswali ishirini, na wanane wanaondoka hawanunui. Umeme nanunua mimi. Na mashine ikipata joto mbele ya mteja, feni inapiga kelele, anakimbia." Ni kweli. Dakika kumi zile ni gharama, na si haki zote zimwangukie yeye. Vile vile si haki zimwangukie mtu aliyevuka bahari, ambaye kurudisha mashine ni nauli ya boti kwenda na kurudi, na siku mbili za kazi.

Tulikubaliana hivi. Kwanza bei, mpaka bei ya mwisho. Mkishapeana mkono ndipo mashine inaendeshwa dakika kumi, juu ya kaunta, kiyoyozi kama kilivyo. Kisha nyuma ya risiti yanaandikwa mambo manne kwa kalamu: alama ya dakika kumi na jina la toleo, saa za diski, ujazo wa betri uliobaki, na RAM ni vijiti vingapi. Muuzaji anatia sahihi, na siku tatu za kurudisha kama nyumbani diski au betri itasema tofauti. Alama ya prosesa ikishuka kwa joto, hilo ni la mnunuzi. Maduka matano nimeyapelekea wazo hilo. Mawili yamekubali, moja linataka siku moja badala ya tatu, na mawili yameniambia niende kununua mpya.

Wiki iliyopita mdogo wake yule bwana mdogo naye ameniandikia, anakuja Jumamosi kununua ya kwake. Nimemwambia aje na chaja ya kaka yake, tuipime pia.